Naandika riwaya ya babu aliyeficha kwao kwa miaka karibu 60. Msomaji ajue lini?

BintiNgamiani

Asalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo nimeshindwa kunyamaza, maana nimekwama mahali na nyumbani sina wa kumuuliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa babu mzaa baba. Babu alikuwa fundi baiskeli, na mnaoijua Tanga mnajua fundi baiskeli ni nani kwetu: mji mzima unapita mbele yake. Alikaa barazani na beseni lake la maji la kutafutia pancha tangu kabla ya uhuru mpaka macho yalipomkatalia. Alituambia yeye ni mtu wa Pangani, yatima, ndugu zake wote wamekwisha. Tukaamini. Mtoto hamhoji babu yake.

Alifariki mwaka 2009. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo haya nayaandika kama nilivyosimuliwa na kaka yangu, ambaye ndiye aliyeshika ndoo ya maji. Walipokwisha kufukia, mwalimu wa dini akachutama upande wa kichwa ili asome talkini, yale maneno anayosomewa maiti akishazikwa. Kwenye talkini maiti huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba. Mwalimu akageuka: "Mama yake nani?" Ami yangu mkubwa akamtazama baba. Baba akamtazama mdogo wao. Wanaume watatu, watoto wa marehemu wa tumbo moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. Kaka anasema kilichosikika ni mchanga tu ukiteremka kwenye tuta.

Mwalimu akasema basi, nitamwita mwana wa Hawa. Ndivyo huitwa asiyejulikana mama yake, maana sote ni wa Hawa. Akafungua kinywa. Hapo ndipo mzee mmoja, aliyekuwa nyuma kabisa chini ya mwarobaini, akataja jina.

Halikuwa jina la Pangani. Halikuwa la Kidigo, la Kibondei wala la Kizigua. Mwalimu alimwomba alirudie mara mbili, ulimi ulikuwa haulipati, halafu akalisoma lilivyo. Babu yangu akaitwa mbele ya wanawe kuwa ni mwana wa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Yule mzee akawapa watu mkono mmoja mmoja, akachukua baiskeli yake iliyoegemea ukuta wa makaburi, akaondoka. Kahawa hakungoja.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lina wenyewe.

Siku ya hitima ami akamuuliza bibi. Bibi alikuwa eda, amekaa mkekani, amejifunika. Akajibu: "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na nchi." Akanyamaza. Eda ilipokwisha alitutolea machache: kwamba babu alikuwa Mha, kutoka huko Kigoma, alikuja manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, karibu na mwaka 1950, akaondoka shambani kabla ya siku zake, akapokewa mjini na fundi baiskeli mmoja aliyemsilimisha, akampa jina na kazi. Basi. Mengine bibi aliondoka nayo mwaka 2016.

Tangu hapo kila kitu cha babu kimenigeukia. Vitanda vyetu vilikuwa vya kamba, na babu hakukubali kamba ya mkonge iingie ndani ya nyumba yake. Alikwenda mwenyewe kununua kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi, tena ghali zaidi, katika mji ambao mkonge umejaa kila upande. Tuliona ni tabia ya uzee. Na tukisafiri kwenda Korogwe, basi likipita karibu na korona, kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, alikuwa anafunika pua na mdomo kwa kofia yake mpaka tupite kabisa. Wenzake ndani ya basi walizungumza tu. Yeye alifumba na macho.

Sasa naandika riwaya. Si wasifu, ni riwaya, majina yote nimebadili. Nina sura 11 kwenye daftari. Nilivyoipanga, msomaji hajui lolote mpaka kaburini, sura ya tisa. Rafiki yangu mmoja amesoma akasema nimemficha ficha mno, alipofika huko alihisi kama amefungiwa nje ya nyumba. Mwingine akasema ndiyo utamu wenyewe.

Maswali yangu ni haya. Msomaji ajue lini: kabla ya watoto, au pamoja nao? Pili, wenye kuzijua habari za manamba, mtu aliwezaje kweli kupotea na kuibuka na jina jingine? Na la tatu ndilo linaloniuma. Shangazi yangu, binti pekee wa babu, yuko hai, na ameniambia niache. "Msichimbe," amesema, hakuongeza neno.

---

MtotoWaKambi

Dada, pole. Msiba wa namna hii haupoi hata ukiwa wa zamani.

Nimezaliwa kambini, shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yangu alikuja manamba kutoka Njombe. Nitakujibu la pili, ndilo ninaloliweza.

Anza na neno lenyewe. Manamba ni watu wa namba. Karani hakuita jina, aliita namba iliyoandikwa kwenye kipande. Baba yangu uzeeni alikuwa anachanganya majina ya wajukuu wake, lakini namba yake ya kambini aliitaja bila kufikiri. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, unatiwa alama moja. Zikitimia 30 ndipo unapolipwa. Siku uliyougua haikuhesabiwa, siku uliyoshindwa kumaliza mabunda yako ya majani haikuhesabiwa. Kwa hiyo mwezi wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na mtu aliyeambiwa atakaa muda fulani akajikuta bado yuko.

Waliotoka mbali waliletwa kwa mkataba. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Ilitafuta watu Kigoma, Songea, Njombe, huko kote ambako kodi ilidaiwa na kazi ya fedha hakuna. Sasa shika hapa: kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakukuwa ugomvi wako na mnyapara tu. Sheria ya wakati ule ililifanya kuwa jinai. Ukikamatwa unashtakiwa. Kwa hiyo usimwandike babu yako kama mtu aliyeona haya kwao. Huenda hakuona haya hata siku moja. Mwenye jina lile alikuwa anatafutwa, basi ikabidi mwenye jina lile asiwepo.

Kosa moja nikuonye mapema. Usimpandishe treni Kigoma ukamteremsha stesheni ya Tanga. Wakati huo Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana; njia ya kutoka Ruvu mpaka Mnyusi imefunguliwa mwaka 1963. Katikati ni lori. Na hilo ni bahati kwako wewe mwandishi. Kwenye treni kila mtu yuko na wa kwao. Kwenye lori mnabanana magoti kwa magoti, mnalala mkiegemeana, mnashuka pamoja kujisaidia porini. Baba yangu aliwasahau wengi, hakuwasahau aliopanda nao lori.

Kuhusu pua: namwelewa kabisa. Majani yakipita koronani, singa, yaani nyuzi zenyewe, zinakwenda kuanikwa na zinapendeza, nyeupe, zinang'aa juani kama nywele za bibi harusi wa Kizungu. Kinachobaki ni tope la kijani, na tope lile linaoza. Ile harufu inaingia kwenye nguo, kwenye blanketi, kwenye ugali. Sisi tuliozaliwa mle hatukuisikia mpaka tulipokwenda shule mjini, wenzetu wakatuhama kwenye dawati. Mtu aliyetoroka akaingia Ngamiani, harufu ile ingemtaja kabla hajafungua kinywa. Ukiandika siku yake ya kwanza mjini, mwoge kwanza. Muogeshe sana.

Tena kuna jambo limenigusa. Mkonge wenyewe ni mgeni. Miche ya kwanza iliagizwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Babu yako alipotafuta kwao pa kutaja, akataja Pangani hiyohiyo.

---

MwanaDunda

Mwanangu, waalaykum salaam.

Mimi ni mwanamke wa Bagamoyo, mkutubi mstaafu, na nimezika wengi. Nimekusoma mara tatu. Naomba nijibu lile la kwanza, na nitakupinga kidogo.

Umeuliza msomaji ajue kabla ya watoto au pamoja nao. Mimi nasema ajue mwanzoni. Ukurasa wa kwanza, wa pili, usimcheleweshe. Maana wewe umeipanga riwaya kama kwamba siri ile ilikuwa siri kwa wote, na haikuwa. Bibi yako aliijua. Yule fundi aliyempokea aliijua. Yule mzee wa mwarobaini aliijua na ziada. Siri ya nyumba haiwi siri kwa watu wazima, huwa ni siri kwa watoto. Sasa ukimweka msomaji pamoja na watoto, utapata mshtuko wa mara moja pale kaburini, na baada ya hapo umekwisha. Lakini mpe msomaji ujuzi wa bibi yako. Mwambie jina la yule mama mapema, mwache alizoee, alipende. Kisha mpeleke makaburini, mwalimu aulize "Mama yake nani?" na msomaji awe analo jibu mdomoni na hawezi kulisema. Pale pa mchanga kuteremka, dada yule rafiki yako hatajiona amefungiwa nje. Atakuwa ndani, amezibwa mdomo. Huko ndiko alikokaa bibi yako miaka yote hiyo.

Nakwambia haya si kwa kusoma tu. Mji wetu huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara, na majina ya watu wengi yalibaki njiani. Chukua mtu mmoja anayejulikana: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akashikwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Aliporudi pwani akawa kiongozi wa misafara ya wavumbuzi wa Kizungu, ya Speke, ya Stanley na ya Cameron, akavuka bara hili hadi ng'ambo ya pili. Vitabu vimeandika maili alizotembea na bunduki alizogawa. Jina alilopewa na mamake halimo. Tunamwita kwa jina la mji wa Kihindi. Na waliokombolewa wakalelewa misheni hapa Bagamoyo, iliyofunguliwa mwaka 1868, nao walipewa majina mapya siku ya ubatizo.

Kwetu nyumbani alikuwapo kizee aliyekuwa akiitwa Zafarani. Nilimkuta mimi, kipofu, anasuka ukili kwa kupapasa. Nikamuuliza mama, huyu bibi ni nani wetu? Mama akasema: "Huyu alikuja na nyumba." Nilikuwa mkubwa nimekwisha kuzaa ndipo nilipofahamu maana ya neno lile, na kwamba jina la Zafarani ni katika yale waliyopewa wajakazi: harufu nzuri, rangi nzuri, kitu cha kununuliwa. Mtu hufikiri mambo hayo ni ya kale sana. Utumwa Tanganyika umefutwa kisheria mwaka 1922, wakati wa Mwingereza. Wajerumani waliishia kusema watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru. Kizee niliyemshika mkono kumpeleka uani alikuwa amezaliwa mali ya mtu. Jina lake la kwao sikumuuliza. Nilikuwa nalo jambo hilo ndani ya uwezo wangu, alikuwa hai, ana akili zake, na sikumuuliza.

Kwa hiyo andika. Lakini liandike kwa upande wa mwenye kujua.

---

Sitara

Nitakuwa tofauti na waliotangulia, mnisamehe.

Shangazi mtu amesema asichimbe. Huyo ndiye mtoto wa marehemu, wewe ni mjukuu. Haki yake inatangulia yako. Mwenzetu mzee wa Bagamoyo ameeleza vizuri habari za utumwa, lakini yule babu hakuuzwa, alijichagulia mwenyewe jina na akaishi nalo, akaoa nalo, akasali nalo. Alikwisha amua aitwe nani. Nani aliyempa mjukuu ruhusa ya kumrudisha alikotoka?

Na pwani haijamdai mtu kabila. Shaaban Robert amezaliwa Vibambani, hapo karibu na Tanga mjini, mwaka 1909, asili ya wazazi wake ni Uyao, na hakuna mwenye akili timamu anayesema si Mswahili. Babu yako naye alikuwa mtu wa Tanga. Kumwandika kwamba kumbe alikuwa mwingine, mimi naona ni kama kumvua sanda.

Majina kubadili hakusaidii. Ngamiani nzima itajua ni nani.

---

BintiNgamiani

Nawashukuru sana wote. Nimewasoma usiku, sikulala mapema.

Sitara, maneno yako yamenichoma na sitayakwepa. Umesema kweli kwamba haki ya shangazi inatangulia. Hakuna ukurasa utakaotoka nje ya nyumba kabla yeye hajausikia kwa masikio yake, hilo naliweka ahadi hapa mbele yenu. Ila niseme moja. Hukuwaona ami na baba walivyorudi kutoka makaburini. Baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, alikaa ukingoni mwa kitanda cha babu akarudia lile jina kwa sauti ndogo, anajifunza kulitamka. Ni nyanya yake. Alikuwa na miaka 50 na zaidi ndipo alipomjua nyanya yake, kwa dakika moja, kupitia kwa mtu mwingine. Mimi sitaki kumvua babu sanda. Nataka huyo mwanamke wa Kigoma awe na mahali anapotajwa zaidi ya mara moja.

Bi MwanaDunda, shikamoo. Umenivunjia riwaya nzima na nakushukuru. Nimeanza upya.

Tatizo jipya: upande wa bibi siuwezi. Nikijaribu kuandika kwa kauli yake nasikia ananikatiza. Hakuwa mtu wa kusimulia, na kila sentensi ninayompa naona ni uongo.

---

MtotoWaKambi

Mbona unaye mwingine mwenye kujua? Yule mzee.

Tena fikiri vizuri, dada. Mtu hawezi kutokea msibani siku moja akiwa na jina la mama wa marehemu mdomoni, kisha akatoweka. Alipataje habari ya kifo siku ileile, wakati mazishi yetu hayangoji? Alikuwa na njia ya kujua habari za nyumba yenu. Jiulize ni nani alikuwa akifika kwenu mara kwa mara bila sababu inayoeleweka. Kambini kwetu kila mzee alikuwa naye mmoja wa namna hiyo. Hawakuwa ndugu, hawakuwa jirani, lakini akija chai inatengwa.

---

BintiNgamiani

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, mniwie radhi.

Niliposoma swali la MtotoWaKambi niliweka simu chini. Nilikuwa najua jibu tangu nikiwa na miaka sita au saba, ila sikujua kwamba ni jibu.

Alikuwapo mteja. Alikuwa akija kutoka Kigombe, kijiji cha njia ya Pangani, mara tatu au nne kwa mwaka na baiskeli nyekundu yenye keria kubwa. Alikuja asubuhi, akaondoka alasiri. Babu aliipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani, akazungusha gurudumu la nyuma, akasogeza chaki karibu na rimu ili palipopinda pajichore. Hapakujichora. Gurudumu lilikuwa limenyooka. Basi babu akalegeza spoku, mbili, tatu, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaanza kuzikaza. Akazungusha. Akalegeza nyingine. Mimi nilikuwa nachezea boliti pembeni, na kwa akili ya kitoto nilijua kabisa kwamba babu anaiharibu ile baiskeli ili aitengeneze, wala sikuona ajabu. Muda wote walikuwa wanaongea chinichini. Tukisogea wanahamia Kiswahili. Mchana bibi alimpakulia kwenye sahani ya maua, ile isiyotolewa kwa wateja. Hakuna siku niliyomwona analipa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi la Pangani, nikateremka Kigombe. Sikuwa na jina, nilikuwa na baiskeli tu. Nikauliza pale samaki wanapouzwa: mzee Mha, alifanya kazi mkonge, baiskeli nyekundu. Mama mmoja muuza dagaa akaninyooshea kidole bila hata kufikiri.

Yule mzee alifariki mwaka 2013. Nilimkuta binti yake, mtu mzima, anapepeta mchele uani. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa fundi wa Ngamiani, aliweka ungo chini akanikumbatia, kisha akaanza kulia, na mimi nikalia, wala tulikuwa hatujaambiana kitu. Fremu ya ile baiskeli imening'inizwa bandani kwao, haina magurudumu, wajukuu walikwisha yachukua.

Alinieleza kwamba baba yake akiaga kuja Tanga hakusema anakwenda kwa fundi. Alisema: "Naenda kumwona mtu wa lori." Walikuwa vijana wawili waliokalishwa pembeni ya bodi, mahali pabaya, penye vumbi na baridi, na usiku mmoja wakaambiana majina ya mama zao, ili atakayefia ugenini mwenzake ajue pa kupeleka habari. Babu yangu alipotoroka, huyu alibaki akamaliza mkataba wake. Walipomuuliza mwenzio yuko wapi, akasema amechukuliwa na bahari. Hiyo ndiyo habari iliyoandikwa. Kama ilifika Kigoma, basi yule mama alimlilia mwanawe, naye yuko Ngamiani anajifunza kuziba pancha.

Baadaye na huyu akasilimu, akaoa Kigombe. Ndipo alipojua kwamba huku kwetu jina la mama linatakiwa kaburini. Binti yake anasema tangu siku alipolijua hilo, hakuwa tena na raha ya kukaa muda mrefu bila kwenda Tanga.

Nilisita kumuuliza, nikauliza. Baba yako alipozikwa, aliitwa mwana wa nani?

Akasema: "Wa Hawa. Aliyekuwa analijua alikuwa amekwisha tangulia."

Huko Ngamiani hatukuwa na habari. Mtu wa kutuletea habari alikuwa yeye.

Basi riwaya sasa inasimuliwa na yeye. Inaanzia lorini, usiku, na jina la mama wa babu linatajwa kwenye ukurasa wa pili, kama alivyoagiza Bi MwanaDunda. La mama yake mwenyewe analitaja pia, lakini gari linapiga shimo, msomaji halisikii vizuri. Sikuweza kumbunia jina.

Juzi nikaenda kwa shangazi, Makorora. Nikamwambia nimekuja kumsomea, na akisema niache nitaacha. Hakujibu, akaendelea kuchambua mchele. Nikasoma sura ya kwanza yote. Nikasoma na ya pili, ile ya mteja na spoku, na baiskeli nyekundu iliyopinduliwa barazani. Hapo mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Ilikuwa ya kijani," akasema. "Hiyo nyekundu aliinunua baadaye, Nyerere ameshang'atuka. Sisi wakati wetu alikuwa anakuja na ya kijani."

Nikachukua kalamu nikasahihisha. Akanitazama nikiandika, akasogeza sinia pembeni, akaniambia nianze tena kuanzia lorini, na safari hii nisisome haraka.